Kamera Yenye Macho Mawili

Jumapili, jioni, Lanet. Mvua ilitukuta tukirudi kutoka Dundori na haijakatika. Mlima Menengai hauonekani kabisa. Ni ile baridi ya kuvaa soksi mbili. Nimekaa na chai ya tangawizi, na mbele yangu juu ya kitambaa cha meza kuna memori kadi ndogo kuliko ukucha. Tangu jana naiogopa.

Wiki tatu zilizopita niliandika hapa kwamba natafuta kamera na vifaa vya data vya kuweka ndani ya gari, kwa ajili ya siku zetu za uwanjani. Wengine wenu mlinishauri, nami nikaahidi kusema nilichochagua. Basi nimechagua. Afadhali ningenunua mbuzi.

Kwa wasionijua: mimi ni mwalimu wa udereva hapa Nakuru, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yangu ni kukaa kiti cha kushoto, mguu juu ya breki ya ziada, nikimwambia mtu mwenye jasho mikononi kwamba macho yawe barabarani. Maneno hayo nimeyasema mara nyingi kuliko nilivyotaja jina la mke wangu.

Jumamosi moja kila mwezi, sisi watu kumi na wawili hukodi kiwanja cha ndege zile ndogo za kunyunyizia ngano dawa, kwenye shamba moja kubwa upande wa Njoro. Tunapanga marobota ya nyasi, tunavaa helmeti, na kila mtu anazunguka peke yake akipimwa kwa saa. Si mashindano. Hivyo ndivyo tunavyowaambia walio nyumbani.

Katika kundi letu kuna Daktari Chepkemoi. Ni daktari wa mifugo, na anaendesha Starlet ya zamani inayonuka dawa ya kupe. Mimi nina Impreza, gari la watu wa mbio. Kila mwezi ananishinda kwa sekunde nne, na mwaka mzima nimekuwa nikimweleza yeyote anayenisikiliza kwamba ile injini ya Starlet imefanyiwa kitu. Ushahidi sikuwa nao. Ndiyo maana nikataka kamera na data.

Nakiri hapa: sikuvitaka nijifunze. Nilivitaka nimwaibishe daktari wa ng'ombe.

Nilianza na simu yangu, nikaibandika kwenye kioo cha mbele kwa kile kishikio cha mpira kinachonyonya. Vumbi la Njoro halinyonyeki. Simu ilianguka kona ya kwanza, na hadi leo nina dakika kumi na moja za video safi sana ya kiatu changu cha kushoto. Ramani nayo ikaonyesha kwamba nilizungukia katikati ya ngano. Kumbe simu hupima ulipo mara moja tu kwa sekunde, na sekunde moja ukiwa mbio ni safari.

Nikaenda mjini kwa mama mmoja anayeuza vifaa vya gari. Alinipa kidude kama kiberiti, kinachokaa juu ya dashibodi na kupima mahali na mwendo mara kumi kwa sekunde. Akanipa kingine cha kuchomeka chini ya usukani, pale fundi anapochomeka mashine yake, ili kirekodi nimekanyaga mafuta kiasi gani. Hapo nilitosheka. Tatizo lilikuwa kamera. Aliyokuwa nayo ilikuwa ya watu wa teksi, yenye macho mawili: moja linatazama barabara, la pili linatazama ndani, dereva na aliyekaa kando yake. Nikamwambia mimi nataka la barabara tu.

"Boss, za jicho moja zimeisha," akasema. "Hilo la ndani likikusumbua, libandike plasta."

Nikasahau kununua plasta.

Niliifunga kamera kwa bolti kwenye shina la kioo cha kuangalia nyuma, isitikisike. Jana asubuhi nilizunguka mara sita, na nilijisikia mwepesi kama mtu aliyelipiwa karo. Nikamwomba Daktari abebe kile kidude cha mwendo kwenye Starlet yake kwa mizunguko mitatu, nikijifanya ni urafiki tu. Alikubali bila kuuliza. Saa ya chakula tukakaa chini ya hema, kompyuta yangu katikati, nikaweka mistari ya grafu yake na yangu pamoja.

Kwenye ile lami ndefu ya ndege, gari langu lina nguvu kuliko lake. Tena sana. Niliangalia mara mbili, nikatamani data iwe imekosea. Maneno yangu ya mwaka mzima yalikufa hapo, mbele ya sahani ya pilau.

Karibu sekunde zote nne nilizipotezea mahali pamoja, kona ya tangi. Ni kona ndefu ya kushoto inayozunguka tangi la maji, na mimi siku zote nimesema kwamba ile ndiyo kona yangu. Mstari wangu wa mafuta ulikuwa umeanguka hadi chini kabisa kabla ya kona, na ukakaa huko chini kama mgonjwa. Video ya barabara haikuonyesha sababu yoyote.

"Fungua ile ya ndani," Daktari akasema.

Nikasema ile ni ya teksi. Akasema haidhuru. Nikasema betri ya kompyuta iko chini. Akaangalia kona ya skrini, akaniangalia mimi, akafungua mwenyewe.

Nilijiona nikija kwenye kona, mikono vizuri, mgongo vizuri. Nilipopita robota la pili, nikafunga macho.

Sikupepesa. Nilifunga. Nilikaza uso wote kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo, na nikayafungua tangi likiwa limebaki nyuma.

"Mwalimu," Daktari akasema polepole, "hapa unafunga macho."

Nikamwambia ni vumbi. Akasema madirisha yamefungwa. Tukaangalia mzunguko wa pili, wa tatu, yote sita. Kila mara pale pale, kwa urefu ule ule. Akasema hata ng'ombe akichomwa sindano hafungi hivyo, na hakuwa anacheka.

Wenzetu wawili walikuwa wakija na vikombe vya chai. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Ningeweza. Kilichonizuia si ushujaa. Ni kwamba niliwaona wanafunzi wangu wote wakiwa wamepanga foleni kichwani mwangu. Kama nafunga macho hapa, kwenye uwanja mtupu wenye marobota, nafanya nini pale mteremko wa Sachangwan, lori nyuma na lori mbele, na msichana wa miaka kumi na nane amenikabidhi maisha yake? Miaka kumi na tisa. Ni nani amekuwa akiangalia barabara?

Niliondoa kidole. Wale wawili walipofika, niliwaonyesha. Mmoja alicheka hadi chai ikamwagika. Wa pili akaniuliza kama huwa nasali pale.

Daktari ndiye aliyekuwa msimamizi wa usalama siku hiyo. Akaniambia sitarudi uwanjani peke yangu, kisha akavaa helmeti na kuingia upande wa kushoto wa gari langu. Amri yake ilikuwa moja: kila ninachokiona nikitaje kwa sauti, nisinyamaze, kwa sababu mtu hawezi kutaja asichokiona.

Hivyo ndivyo mwalimu wa udereva mwenye miaka arobaini na sita alivyozunguka kiwanja cha ndege akipaza sauti: robota, robota, koni, ng'ombe, ua, ng'ombe yule yule. Tulipokaribia tangi, macho yalitaka kujifunga yenyewe. Niliyahisi. Nikapiga kelele, "Tangi! Tangi! Maandishi!"

"Yanasema nini?" akauliza.

"Usikojoe hapa," nikasoma.

Nimepita lile tangi miaka miwili. Kila mtu kwenye kikundi anayajua yale maandishi, hata wameyafanyia utani, na mimi nimekuwa nikicheka nao bila kujua wanazungumzia nini.

Ulikuwa mzunguko wangu wa polepole kuliko yote tangu nijiunge. Nilipoangalia chini, niliona kiatu cha Daktari kimekanyaga sakafu kwa nguvu zote, kikitafuta breki ambayo haipo. Ule mguu naujua. Ni mguu wangu, siku zote za kazi. Tulizunguka mara nne zaidi, hadi sauti ikanikauka na macho yakabaki wazi bila kuamrishwa.

Kumwambia mke wangu, Mama Njeri, ilikuwa kazi nyingine. Hajawahi kunizuia kwenda Njoro. Huniuliza tu saa ya kurudi. Jana nilimweka mbele ya kompyuta na kumwonyesha bila kueleza. Aliangalia, akainuka, akaleta albamu ya harusi yetu. Kwenye kukata keki nimefunga macho. Kwenye kuvishana pete nimefunga macho. Kuna picha moja tu ambayo yako wazi, na hapo naangalia chakula.

Alicheka hadi akajifuta machozi. Kisha akaacha, akauliza, "Na wanafunzi wako?"

Kwa hiyo leo baada ya kanisa niliiacha kamera imewashwa, nikampeleka Dundori kwa mama yake. Barabara ile ina kona za kutosha kumpima mtu yeyote, na wakati wa kurudi tulikuwa na gunia la viazi nyuma na mvua mbele. Sikutaja chochote kwa sauti. Niliendesha kama ninavyoendesha siku zote.

Tulipofika tukakaa wawili kuangalia. Nilikuwa na hofu kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

Macho yangu yalikuwa wazi. Kona zote, kwenda na kurudi, hata pale lori la maziwa lilipotutokea ghafla. Inaonekana ugonjwa wangu unaishi Njoro tu, kwenye mbio. Nilishusha pumzi, nikageuka nimwone anavyofurahi.

Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anajiangalia mwenyewe, upande wa kushoto wa video. Kila kona, kwenda na kurudi, Mama Njeri alikuwa amefunga macho.

Nikasema labda alikuwa amelala. Lakini mtu aliyelala hashiki mlango kwa mikono miwili.

"Nilikuwa naomba," akasema. "Tangu uanze kwenda Njoro, kila kona naomba."

Ni miaka miwili. Ameketi kando yangu kwenda sokoni, kanisani, kwa mama yake, na mimi nikidhani anafurahia safari. Kimya kile nilikichukua kuwa sifa.

Nilimwambia nitaacha kwenda uwanjani. Nilikuwa namaanisha, kwa kiasi. Akatikisa kichwa, akasema hapana, anachotaka ni kingine. Anataka kujua kuendesha, ili aelewe gari litafanya nini kabla halijafanya. Nusu ya Nakuru imepata leseni mikononi mwangu, na mke wangu hajui gia ya kwanza iko wapi. Hajawahi kuniomba, na mimi sijawahi kumuuliza.

Mlioniuliza kuhusu vifaa: chukueni kidude cha kupima mara kumi kwa sekunde, na kamera ifungeni kwa bolti. Kuhusu jicho la ndani, mtajiamulia wenyewe.

Kesho saa kumi na moja, nikitoka kazini, tunaanza. Nimemweleza utaratibu wangu: kiti, vioo, klachi, kwenda mbele na kusimama, na kona baada ya wiki mbili.

Amekataa. Anataka tuanze na kona.