Mbegu Aliyoombwa Baba

Hafsa, acha unachofanya. Wakwe zake kaka ndio wametoka hapa sasa hivi.

Baba kawalisha wali wa mchele wa dukani. Mkwe kaonja tonge moja: "Huu si wa hapa Mohoro, mzee." Baba akajikohoza.

Unajua alivyong'oa mpunga wote akapanda mbono, ule mmea wa kukamuliwa mafuta. Kampuni ya mafuta ya magari ikaahidi kununua kila gunia, halafu ikafunga ofisi.

Basi mkwe akasema, "Tumekuja kuomba mbegu ya mpunga, ile ya marehemu mama yako."

Mbegu, Hafsa. Ile ile tuliyoitwanga mwaka jana tukaila.

Baba akainuka, akaingia ghalani kama anayo. Tukamsikia anasogeza magunia. Yote mbono.

Wakangoja weee, mwisho wakaaga.

Hajatoka. Bado anasogeza.