Papa, Nimeanza Kuwafuata Wasiofika Shuleni

Mpendwa papa,

Sijui nikuandikie kama mtu aliye hai au kama marehemu. Mama anakusomea dua. Mimi bado ninageuka sokoni nikisikia mwanaume akikohoa kama wewe.

Ulikuwa mwalimu wetu wa hesabu kwenye shule ile ya sekondari nje ya Kindu, kando ya barabara ya Kailo. Vita ilipofika, darasa lilipungua kila juma. Wengine walikimbilia msituni na wazazi wao, wengine walibaki nyumbani kwa woga. Wewe uliendelea kuita majina yote kila asubuhi, hata ya wale tuliojua hawatajibu. Jina likikosa jibu ulikuwa unauliza, "Nani alimuona? Nani anajua iko wapi?" Hukuanza somo mpaka mtu aseme kitu.

Siku moja ulimwita Salima, aliyekaa nami dawati moja. Kimya. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono.

"Papa, leo ni siku ya tatu. Uende umutafute kwao."

Sikufikiria barabara ilivyokuwa. Nilimkosa rafiki yangu, basi. Mchana ukachukua baiskeli. Mama alikuambia uache, njia haikuwa nzuri. Ukamjibu, "Nitarudi mbele ya jua kushuka."

Kesho yake Salima alifika peke yake, miguu imevimba. Alituambia ulimkuta kwao peke yake, ukampakia kwenye baiskeli, mkakuta bariere, kizuizi cha watu wenye bunduki. Walikushika. Uliwaomba wamwache mtoto apite, wakamwacha. Ulimwambia, "Kimbia, usigeuke." Hatukukuona tena. Wajomba walikuulizia mpaka Kailo, kisha wakachoka kuuliza.

Salima alimaliza shule, leo ni mkunga. Mimi nilikuja kuwa mwalimu pale pale ulipofundisha. Na kwa miaka mingi, papa, jina likikosa jibu niliandika "hayupo", nikaita linalofuata. Wanafunzi walidhani mimi ni mkali. Nilikuwa ninaogopa.

Mwaka huu aliacha kuja msichana anaitwa Furaha, wa mwaka wa tatu, anayekaa nyuma kabisa. Siku ya nane niliacha sahani mezani. Nilikaa, nikasimama, nikafungua daftari la majina, nikalifunga. Salima alinikuta hivyo.

"Unaogopa nini?" akaniuliza.

"Unajua ninaogopa nini."

"Mimi nilitafutwa," akasema. "Huyu nani atamutafuta? Simama, twende wote."

Tulikwenda kwa miguu. Njiani alinionyesha mahali ilipokuwa bariere. Sasa ni shamba la muhogo, mama mmoja alikuwa anapalilia. Akatusalimia, tukaitika. Nilitaka kumuuliza kitu, sikujua nimuulize nini.

Furaha tulimkuta akitwanga majani ya sombe.

"Uko mugonjwa?"

"Hapana, madamu."

"Nani amekukataza masomo?"

"Hakuna mutu." Akaendelea kutwanga kidogo, kisha akaacha. "Pale shuleni sina mutu wa kusemesha. Nilizania hakuna mwenye ataona kama siko."

Siku zote nane nilikuwa nimeona, nikaandika, nikanyamaza. Salima ndiye aliyemwambia, "Tumeona. Njo maana tumekuja."

Siku ya kwanza ya juma alirudi. Nilimhamishia dawati la mbele, karibu na wasichana wanaopita njia moja naye. Sasa wanangojana asubuhi. Kisha nilimwomba prefe wetu, mkuu wa shule, tugawane wanafunzi wote, kila mwalimu awe na wachache anaowajua kwa jina, kwao wapi, wanatembea na nani. Walimu wengine walinung'unika, lakini wanafanya. Madarasa hayajajaa, ila yanajaa.

Ungefurahi. Mimi sijatulia. Ninajiuliza kila siku kama ningenyamaza asubuhi ile, ungezeeka hapa nyumbani. Nikifika hapo ninakwama, maana kunyamaza kwangu kungemwacha Salima peke yake huko.

Leo majina mawili hayakujibiwa. Mama ameniona ninavaa viatu, ameniuliza ninakwenda wapi, na nimemwambia ukweli. Hakunizuia. Ninatoka sasa, kabla sijabadili mawazo. Woga haujaniacha, papa. Ninakwenda nao.

Kwaheri,

Binti yako wa kwanza