Mke Ni Muuguzi

Nyumba ya 9, Njia ya Kirkebakken,
Hellevåg, Norwe.
21 Novemba 2018

Mpendwa wifi yangu Solfrid,

Kwanza niambie habari za afya yako. Ile nyonga mpya mwili umeshaikubali, au bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Na mumeo Neville, kikohozi kimemwachia? Barua yako ya Septemba ilifika salama. Niliisoma nimesimama mlangoni na koti mwilini, halafu nikaisoma tena nimekaa. Usidhani nimekusahau kwa kuchelewa kukujibu. Kuna jambo limenikaa kooni, na kwa simu haliendi. Ungelia, nami ningeanza kukubembeleza, tungekata simu bila mimi kulisema.

Mimi mwili hauna neno. Shangazi yenu Borghild yupo kule kwenye nyumba ya wazee, anakula vizuri, ananiita kwa jina la marehemu mama yenu, nami naitika. Ameniuliza mara tatu kama umeshaolewa. Nimemwambia umeolewa na mtu wa Nyuzilandi, akasema ni mbali, wakutafutie wa karibu.

Huku jua limeshatuaga. Saa tisa alasiri taa za barabarani zinawaka. Jirani ameukata ule mti wa marehemu kaka yako Asbjørn uliokuwa unaziba dirisha lake, aliniomba ruhusa kwanza, nikampa. Sasa anaona bahari na mimi namwona yeye akila.

Nyumba imekuwa kubwa mno, Solfrid. Silii sana. Kinachonimaliza ni mambo madogo. Mkate unaota ukungu sijafika nusu. Dukani samaki wa kukaanga wanafungwa sita sita, kana kwamba hakuna anayekula peke yake. Jumatatu moja nilimsalimia mwenzangu kazini, sauti ikatoka kama bawaba yenye kutu, nikagundua kwamba tangu Ijumaa nilikuwa sijatamka neno.

Basi nije kwenye kazi, maana jambo lenyewe limo humo.

Unajua kwamba baada ya msiba sikuiweza tena wodi ya moyo. Kila mashine ilipolia nilimwona yeye. Mwezi wa pili mwaka huu wakanihamishia kwenye utafiti. Hospitali sita za pwani hii zinataka kujua ni wapi hasa tunawaangusha wagonjwa wetu wa moyo. Si kwenye kuzibua mshipa, huko mikono ni hodari. Wanataka kujua yanayofuata: dawa, maelezo, mtu anapofika nyumbani na mfuko wake wa vidonge. Tumepewa mafaili mia nne na kumi na mawili ya watu waliopata mshtuko wa moyo, wakatibiwa, wakaruhusiwa kurudi kwao. Majina yamefutwa, imebaki namba na umri. Kila faili tunaliuliza maswali yale yale. Alielezwa dawa zake? Na nani? Aliyarudia maelezo kwa maneno yake mwenyewe? Alipigiwa simu?

Nakaa chumba kimoja na Jorunn, mfamasia mstaafu wa miaka sabini na mmoja waliyemrudisha kwa ajili ya kazi hii. Mdomo wake haupumziki.

"Torgunn, huo ni mkate au kigae cha paa?" aliniuliza siku ya kwanza nilipofungua chakula changu cha mchana.

"Una jibini ndani."

"Kweli? Maskini jibini."

Akanikatia nusu ya samaki wake wa siki, na tangu siku hiyo analeta wawili. Nakuambia haya ujue kwamba sikosi mtu kabisa.

Ilikuwa Jumanne ya Septemba, saa nne asubuhi, nilipofungua faili namba 217. Mwanamume, miaka sitini na mitatu, fundi wa injini za vivuko. Amewekewa kimrija cha waya kwenye mshipa wa mbele wa moyo. Niliendelea kujaza majibu kama kawaida, mafundi wa vivuko si haba hapa kwetu. Nikashuka mstari mmoja: kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakipo, ajali ya kazini.

Wifi, kidole kile nilikifunga bandeji kwa mikono yangu, mwaka ule tuliooana.

Kanuni yetu inasema ukimtambua mgonjwa unafunga faili na kumpa mwenzako. Sikufunga. Nilisoma mpaka ukurasa wa mwisho, siku aliyoruhusiwa, mahali palipoandikwa maelezo ya dawa. Palikuwa na mstari mmoja tu: "Mke ni muuguzi. Atamweleza mwenyewe nyumbani."

Sasa soma taratibu, tafadhali. Ulipokuja mazishini uliniuliza jikoni, tukiosha vikombe, ilikuwaje kaka yako afe siku ya kumi na tisa wakati kila mtu alisema anaendelea vizuri. Nilikujibu kwamba moyo ni moyo. Ukanikumbatia. Lile halikuwa jibu, na nilijua.

Asbjørn alipewa dawa mbili za kuzuia damu isigande kwenye kile kimrija. Mojawapo huwabana watu wengine pumzi kidogo. Haidhuru, ila inatisha. Mtu anatakiwa aambiwe mapema: ukisikia hivi, usiache dawa, tupigie simu. Yeye hakuambiwa. Alidhani dawa ndiyo inayommaliza, akaiacha kimyakimya, asinitie wasiwasi. Baada ya mazishi niliikuta pakiti kwenye kopo lake la misumari. Vidonge kumi na vinne havijaguswa. Viwili kwa siku, siku saba. Kimrija kikaziba.

Na yale maneno ya kwenye faili ni yangu.

Siku zile waliniazima wodi nyingine, nisimhudumie mume wangu mwenyewe, na siku ile nilikuwa zamu huko. Nilishuka mbio na sare yangu kumchukua. Muuguzi wake alikuwa binti mmoja anaitwa Synne, hana hata mwaka kazini, amesimama na karatasi ya dawa mkononi.

"Dada Torgunn, bado sijamweleza dawa zake. Nipe dakika kumi tu."

"Mwache, mwanangu. Una wagonjwa wanane. Nitamweleza mimi nyumbani."

Asbjørn alicheka, anafunga zipu ya koti. "Miaka ishirini na tisa ananifundisha huyu, na bado hajamaliza somo."

Nyumbani alikuwa na njaa. Nikachemsha samaki na viazi. Akala, akalala. Kesho yake walikuja wenzake wa kivukoni. Kesho kutwa nikarudi zamu. Kwa kuwa mimi nilijua, niliona kama na yeye anajua. Hivyo tu. Ningependa kukuambia kulikuwa na sababu kubwa zaidi, lakini haipo.

Siku ile ya faili nilimsogezea Jorunn. "Hili lichukue wewe." Akalisoma lote. Hakufanya mzaha. Aliinuka akafunga mlango, akanimiminia kahawa.

"Niandike nini hapa kwenye sababu?"

"Andika kilichotokea."

"Jina la mke hawaliulizi, Torgunn."

"Najua."

Ndipo nilipoona kwamba naweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Nikanyamaza wiki tano, na sijawahi kuchoka namna ile hata nilipokuwa nazika. Nilikuwa nakwenda kanisani Jumapili, nakaa kiti cha nyuma, natoka kabla ya kahawa ya baada ya ibada ili mtu asiniulize habari.

Mwishoni mwa Oktoba mkuu wa utafiti, Daktari Tveiten, alituita wote ukumbini, sisi na watu wa wodi, atueleze yaliyoonekana. Akasema mafaili thelathini na moja yana mstari unaofanana. Mke ni muuguzi. Mtoto ni daktari. Mgonjwa ni mwalimu, anaelewa. Kila mahali palipoandikwa hivyo, hatukuona popote kwamba mgonjwa alielezwa na mtu yeyote. Tisa kati yao walirudi na hali mbaya, au walikufa, kabla ya mwezi kwisha.

Daktari mmoja wa wodi akasema kutoka nyuma, "Huu ni uvivu wa wauguzi. Watajwe walioandika, tuwajue."

"Hatutafuti mtu," Tveiten akamjibu. "Tunatafuta tundu wanamoangukia wagonjwa."

"Tundu halishiki kalamu, bwana."

Watu wengine wakacheka. Nikageuka, nikamwona Synne karibu na mlango. Alihamia wodi ya macho miezi michache baada ya msiba wetu, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini. Alikuwa ameinamisha kichwa, shingo imemwiva nyekundu. Nikaelewa mara moja ni nani aliyekuwa akitajwa, na ni nani aliyekuwa akiubeba mzigo usio wake.

Nikasimama. Nikashika kiti cha mbele. Nikasema: "Namba 217 ni mume wangu. Aliyeandika mstari ule aliandika nilichomwambia. Yeye aliomba dakika kumi za kumweleza. Mimi ndiye niliyemnyima."

Yule daktari wa nyuma alianza kusema neno, akaliacha. Jorunn alinivuta sketi nikae, nikakaa.

Synne alinisubiri nje kwenye makoti.

"Nilidhani unanichukia," akasema. "Miaka miwili unanipita koridoni hunitazami."

"Sikuweza kukutazama, mwanangu. Wewe ndiye uliyesikia nilichosema."

"Na mimi nilikuwa nakukimbia kwa sababu ningesisitiza, angeelezwa. Wewe ulikuwa mkubwa, nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Ungeniona najifanya najua kuliko wewe."

Tukabaki tumesimama katikati ya makoti ya watu, hakuna aliyejua aondoke vipi. Nilimwambia kwamba alikuwa sahihi, dakika kumi zilikuwa haki ya Asbjørn, si yangu kuzigawa. Akalia kidogo. Ameomba kurudi wodi ya moyo mwakani.

Tangu tarehe moja mwezi huu tunajaribu utaratibu mpya. Hakuna anayetoka kabla hajaelezwa dawa zake na kuyarudia mwenyewe, hata akiwa profesa wa moyo, hata mkewe akiwa mimi. Na siku ya tatu anapigiwa simu nyumbani. Waliuliza nani atapiga, nikasema mimi.

Wengi wananiambia wako salama, asante, kwaheri. Alhamisi iliyopita saa saba mchana nilimpigia mzee mmoja wa ng'ambo ya ghuba, jina lake nisilitaje. Alikuwa mwalimu wa muziki, anaishi peke yake.

"Vidonge unameza vyote, mwalimu?"

"Nameza."

Nimejifunza kutokimbilia swali linalofuata. Nikasubiri. Nikasikia saa ya ukutani kwake.

"Kasoro kile cha njano," akasema. "Kinanibana pumzi. Nimekiacha tangu jana asubuhi. Sasa usinigombeze."

"Sikugombezi. Kaa kwenye kiti, usikate simu."

Kwa mkono mwingine nikamwita Tveiten. Akaongea naye, akaagiza boti ya wagonjwa. Mpaka ilipofika nilikaa naye kwenye simu dakika arobaini, ananisimulia wanafunzi waliomharibia vinanda. Katikati akaniuliza, "Mama, mbona sauti yako inatetemeka? Anayeumwa si mimi?" Nikamwambia ofisini kuna baridi.

Wamembadilishia dawa. Jana amerudi kwake, mzima. Jorunn alinipiga bega akasema, "Huyo mmoja tumemshika." Nilifurahi, Solfrid, sitakudanganya. Lakini nilipotoka nje kwenye theluji nilijua kwamba yule anayestahili kuisikia habari hii kabla ya wote ni dada wa marehemu, na kwamba siwezi kukupa habari ya mzee yule bila kukupa na ya kaka yako. Ndiyo maana nimekaa mezani na karatasi hii tangu nitoke kazini.

Sikuandikii ili uniambie si kosa langu. Jorunn ameshasema, mchungaji ameshasema, nimewashukuru. Nakuandikia kwa sababu ulikuwa na kaka mmoja tu, na kwa miaka miwili umekuwa ukinitumia kadi za kunifariji bila kujua unamfariji nani.

Nisalimie Neville. Nisalimie mwanao Marit na mumewe, na wale mapacha, ingawa sasa nadhani wamenipita urefu. Shangazi Borghild anakusalimu. Mungu akulinde huko kwenye majira yenu ya jua, awape nyote mioyo yenye nguvu, na asikuache ukae na uchungu huu peke yako.

Ukiona huwezi kunijibu, nitaelewa, sitakulaumu. Ukiweza, nijibu hata kwa mstari mmoja. Hata ukiwa mkali. Nitausoma.

Ni mimi wifi yako, nitakayekupenda hata ukininyamazia,
Torgunn