Kazi Kumi na Nne Zilizokuwa kwa Jina Lako

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Wewe ulikuwa unasema mtu wa Kindu akitaka kuficha jambo analiandika kwa Kifaransa, na leo sitaki kuficha.

Nyumbani tuko wazima. Mama amerudi kuuza mchele wake sokoni Alunguli, palepale pa zamani. Redio yako iko kwa Shangazi Mwajuma. Anasema anaitunza mpaka arobaini, lakini nimeona amekwisha kuitafutia kitambaa cha kuifunika.

Sasa habari ya dipo la dawa. Siku tuliyokuzika, Direkta alitoka makaburini akaenda moja kwa moja kazini, akafunga akaunti yako kwenye seva. Hakukusudia ubaya. Jioni alikuja matangani akamwambia Mama, "Jina ya marehemu isiitwe tena kwenye kazi, Mama. Tumuache apumuzike." Watu wote wakaitikia. Mimi nilikuwa kwenye mkeka nyuma ya Mama, na nilijua hapohapo kitakachotokea.

Nilijua kwa sababu ulinifundisha. Miaka miwili nilikuletea wali na sombe ya majani ya muhogo nikitoka shule, nikakaa kwenye kile kiti kibovu, nikatazama unavyofanya. Zile kazi ambazo seva inafanya yenyewe kwa saa zake, ile nakala ya akiba ya kila adhuhuri paneli za jua zikiwa na nguvu, ile orodha ya Jumatatu ya dawa zinazokaribia kwisha, na nyingine, zote kumi na nne ulizitunga wewe, na kwenye nafasi ya mwenyewe, yaani mwenye kazi, uliandikwa wewe. Kila kazi kabla haijaanza, seva inauliza: mwenyewe ni nani, na bado ana ruhusa? Akaunti yake ikiwa imefungwa, kazi haianzi. Wala hakuna kelele. Ni mstari mmoja tu unaoandikwa ndani ya seva, na aliyekuwa akiisoma mistari hiyo ni wewe peke yako.

Nilijua na nikanyamaza.

Jumatatu ya kwanza orodha haikutoka, wakadhani ni umeme. Jumatatu ya pili pikipiki ya kuchukua dawa za Punia ikafika, dereva ana matope mpaka magotini, na orodha hakuna. Mama Zaina wa stoo akampakilia kwa kukisia. Siku chache baadaye muuguzi wa Punia akapiga simu: "Bandeji mulizotuma zinatosha vita nzima! Dawa ya malaria ya watoto iko wapi?" Mama Zaina alikuja nyumbani kulia. Alidhani macho yake yamezeeka, kwamba siku hizi haoni rafu vizuri.

Unanijua, Baba. Kusalimia mgeni tu jasho linanitoka. Lakini sikuweza kumtazama mama mzima akijilaumu kwa kosa langu. Nikasema, "Si weye, Mama Zaina. Ni mimi. Nilijua tangu mazishi."

Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama inaweza kutengenezwa. Nikasema ndiyo, kazi zibadilishwe mwenyewe. Shangazi akaruka: "Vitu vya marehemu havigusiwe mbele ya arobaini! Hata ndara!" Ndilo neno nililokuwa nimejificha nyuma yake wiki zote zile. Mama alikuwa anapepeta mchele, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Ile kazi haiko kitu yake. Alikuwa anaishika tu."

Nikakumbuka lile daftari. Wakati wa vita, kabla sijazaliwa, ulipokuwa karani kijana wa dispansari, ulificha daftari la wagonjwa ndani ya gunia la makapi ya mpunga. Juu yake uliandika jina lako kwa herufi kubwa. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema, "Askari wakilikamata, wanitafute mimi, si muganga." Vita ilipokwisha ulilirudisha, ukakata jina lako kwa rula, ukaandika: la dispansari. Nadhani hata kwenye seva ulifanya hivyohivyo. Kazi ikiharibika, wakuulize wewe. Ila safari hii hukupata siku ya kukata jina.

Kesho yake baada ya shule nilikwenda dipo na Mama Zaina. Direkta alipoelewa alishika kichwa, kisha akanifungulia seva. Akasema, "Weka jina yako, mutoto yangu. Njo weye murithi." Nilitamani sana, sitakudanganya. Lakini mwakani nikienda Kisangani kusoma? Na siku nikifa? Kazi nikaziandikisha kwa ile akaunti ya seva yenyewe, ambayo si ya mtu yeyote. Ile haisafiri wala haizikwi.

Nilifuata njia yako. Kwanza nikachapa orodha ya kila kazi na mwenyewe wake wa sasa, ili nikikosea niweze kurudi. Kisha nikatunga skripti, programu fupi, ipitie kazi moja moja, iandike amri bila kuitekeleza. Ikatoa mistari kumi na tisa. Nilikuwa nimesahau kuiambia ichague zako tu, ikakamata na tano za watu wa chanjo. Nikasahihisha, zikabaki kumi na nne. Nilizisoma kwa sauti, Mama Zaina anafuata kwa kidole kwenye karatasi, kila mara anasema, "Endelea." Ndipo nikatekeleza.

Baadaye nikatafuta kwenye seva nzima, kazi ngapi bado zina jina lako, Ramazani, kama mwenyewe. Jibu: hakuna.

Hapa ndipo penye ukweli, Baba. Haya yangu ya kusema na watu ni kisingizio, na arobaini ni kisingizio. Nilinyamaza kwa sababu jina lako lilikuwa bado pale mara kumi na nne, na mimi nilikuwa naona kama umetoka kidogo tu, utarudi. Watoto wa Punia walikosa dawa ili mimi nibaki na orodha ya jina lako. Dawa ilikwenda baadaye kwa pikipiki maalumu na imefika. Kama kuna mtoto ambaye ilimchelewea, hawakutuambia, na mimi sijauliza. Nitauliza.

Jumatatu orodha ilitoka. Mama Zaina aliibusu karatasi. Kwenye maelezo ya kila kazi, pale ambapo seva haiulizi ruhusa ya mtu, nimeacha maneno haya: imetungwa na Ramazani.

Kila siku nikitoka shule nitasoma ile mistari kabla sijala. Nikiona kitu nitasema siku hiyohiyo, hata jasho linitoke.

Pumzika sasa, Baba. Hakuna kazi inayokuuliza tena.

Binti yako,
Amina