Gundi Niliyopaka Kwenye Sampo

Kaka Marwa,

Salamu naziruka. Hali yako naijua, na yangu ungeiona kwenye mikono tu ungeijua. Nimechoka. Nimenawa mara tatu kwa sabuni ya unga na bado kalamu inateleza kwa oili.

Gari la Mzee Mwita limeondoka jana. Lile pikapu la turbo la kutoka Manchira, lililokuharibia jina. Limewaka, halitoi moshi, na lilipopanda kile kilima cha kutokea kwako turbo ilipiga ule mluzi mwembamba ambao wewe ulikuwa ukisema ndiyo afya yake. Lakini sikuandikii kwa ajili ya hilo. Nakuandikia kwa sababu nimejua kilichoiua turbo ya kwanza. Ni mimi.

Nieleze kwa utaratibu, maana ulinizoeza hivyo, nati hairukwi.

Unakumbuka tulivyoifungua ile injini hapa uani kwako Nyamisangura. Tulisimika nguzo tatu, tukafunga mnyororo, tukainyanyua kama ng'ombe anayechunwa. Pistoni tulizipanga juu ya gunia la mahindi, ukaziandika namba kwa chaki, na shemeji Mama Boke akawa anagombana na kuku wasizikanyage. Valvu tuliziosha kwa mafuta ya taa kwenye sufuria yake ya ugali. Hiyo sufuria hajanisamehe mpaka leo. Bomba jembamba la kupeleka oili kwenye turbo ulinipa nilipulize kwa mdomo, nikashindwa, ukacheka: "Mnyaturu, kifua chako kimejaa mawe ya matajiri wa mashimo. Lete hapa." Ukapuliza mwenyewe. Ukaniambia turbo haina ndugu ila oili. Inazunguka kuliko kitu kingine chochote kwenye gari, ikikosa oili muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, imekwisha.

Siku ya kufunga sampo, lile bakuli la chuma linalokaa chini ya injini na kushika oili, uliitwa msibani kwa jirani. Ukaniachia mimi na silikoni, ile gundi nyekundu ya kuzuia kuvuja. "Paka silikoni kidogo tu. Kama mwanamke anavyopaka wanja." Nikaitikia. Ulipotoka nikapaka ninavyojua mimi. Wewe hujakaa shimoni kwenye machimbo, kaka. Mimi miaka sita nilikaa kule chini na pampu ya maji, na bomba lilipovuja tulilipaka gundi mpaka likavimba, kwa sababu gundi ikipungua maji yanapanda na watu wako chini. Mkono umejifunza hivyo. Nilizungusha sampo yote tabaka nene, nikakaza boliti, iliyotokeza nje nikaifuta kwa kitambaa ikapendeza. Iliyoingia ndani sikuiwaza.

Uliporudi ulipitisha kidole pembeni, ukasema, "Hii haivuji." Siku nzima nilitembea nimenyoosha mgongo, na unajua mgongo wangu.

Wiki tatu baadaye turbo ikafa njiani kutoka Mugumu. Mzee Mwita aliliburuza gari mpaka getini kwako mchana kweupe, bodaboda wote wanasikiliza. "Marwa, wewe si fundi, wewe ni mchinjaji! Umechinja gari langu!" Nilidhani utamrudishia, maana ulimi wako naujua. Ulisema tu, "Mzee wangu, kazi ni yangu na kosa ni langu. Niachie nilitafute." Nilikuwa nyuma yako na spana mkononi. Nilikuwa sijajua bado, lakini hata kusema tulifanya wawili sikusema.

Hukupata nafasi ya kulitafuta. Uliifungua turbo tu, ukanionyesha shafti ilivyobadilika rangi kwa joto. Kesho yake asubuhi ulianguka ukinawa uso. Siku mbili hospitali, basi.

Kwenu Nyanungu nilikuzika pamoja na ndugu zako. Nilishika koleo, kuchimba ndiko ninakokuweza. Mzee mmoja wa ukoo wenu alisimama akasema kwa Kikurya. Sikuelewa chochote ila neno injini, na watu wakatazama chini. Baadaye nilimuuliza shemeji. Akasema, "Amesema mume wangu amekufa ameacha mali ya mtu imeharibika, ukoo utafute namna." Kaka, maneno hayo yamenikaa kifuani kuliko vumbi la mashimo.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaifungua sampo. Chujio la pampu ya oili lilikuwa limezibwa na vipande vya silikoni, vyekundu, laini, kama minyoo, oili ikakosa kufika kwenye turbo. Kwingine kote ulitumia gasketi za karatasi ulizozikata mwenyewe kwa kugongagonga na nyundo. Silikoni ilipakwa sampo peke yake, na aliyepaka ni mimi peke yangu. Nilikaa chini, mgongo kwenye tairi, mpaka kivuli kikanihama.

Na niseme ukweli wote, nilitafuta pa kupenyea. Mzee Mwita mwenyewe alikiri kwamba taa ya oili iliwaka tangu Mugumu akaendelea kukanyaga mafuta, akidhani ni waya mbovu. Ningeweza kumtwika yeye. Au ningevitupa vile vipande chooni, nikaosha, nikafunga, wewe ukabaki na kosa na mimi nikabaki na wateja wako. Siku nne nilivificha kwenye kopo chini ya kitanda. Siku ya tano nikampelekea shemeji akiwa anachambua maharage. Alichungulia ndani ya kopo. Nilidhani atanifukuza.

"Usiniambie mimi," alisema. "Mimi sikumtukana. Kawaambie waliomsikia akitukanwa."

Basi nikafanya kazi. Nilibadilisha metali za krenki, zile bati laini zinazoushika mhimili wa injini, zilizoanza kuchubuka, nikasafisha njia zote za oili, nikafunga turbo aliyoitafuta Mzee Mwita mwenyewe Mwanza. Kifua kinanibana nikilala chali chini ya gari, kwa hiyo kazi yako ya siku moja kwangu ilikuwa ya siku tatu. Sampo niliipaka ulivyoniagiza.

Jana Mzee Mwita alikuja. Injini ilipowaka bodaboda wakasogea kama kawaida yao. Niliiacha ingurume taratibu mpaka turbo ipoe, nikazima, nikasema. Sikuwa nimepanga maneno. Nilisema, "Marwa hakuliharibu gari hili. Niliharibu mimi, na dawa ya kosa ni hii hapa," hata sijui kwa nini nilisema dawa, nikavimwaga vile vipande kwenye kiganja changu wavione.

Yule kijana wa boda mwenye domo kubwa akasema, "Yaani Mnyaturu, mwenye nyumba kalala kaburini na kosa lako, na wewe unakula ugali wake?" Ni kweli nilikuwa nakula.

Mzee Mwita akamgeukia shemeji akaanza kusema kwa Kikurya, sauti ya chini. Shemeji akamkata: "Sema Kiswahili, baba, na huyu asikie." Mzee akavua kofia. "Nilimtukana mtu bure," akasema. "Marwa alikuwa fundi." Kisha akanitazama. "Wewe gari langu hutaligusa tena." Akaondoka.

Leo hajaja mteja hata mmoja. Nimefagia uani, nimekaa. Shemeji ameniletea chakula saa ileile ya kila siku, akaweka sahani akarudi ndani. Mwili unaniambia nirudi kwetu Ikungi, na safari hii nadhani nitausikiliza.

Lakini Jumapili kwanza tunakwenda Nyanungu, mimi na shemeji. Yule mzee wa ukoo wenu hajasikia bado. Nitampa shikamoo, nitamweleza kwa Kiswahili changu, shemeji atageuza kwa lugha yenu, na watakachosema nitakipokea nimesimama. Sijui kama watanifukuza au watanipa kiti. Nimechoka mno hata kuogopa.

Lala salama, kaka. Kosa hili umelala nalo miezi minne, na halikuwa lako. Nakuahidi baada ya Jumapili hakuna mtu wa kwenu atakayelitaja kwa jina lako. Watataja la kwangu, na nitaitika.

Mdogo wako,
Saidi