Nilimwona Rashidi Guangzhou

Alhamisi, mwezi wa kumi na moja. Glenwood. Mvua nyepesi tangu alfajiri, na joto halijapungua. Nguo nilizofua juzi bado mbichi.

Sijisikii vibaya. Sijisikii chochote.

Leo ni siku ya sita tangu nirudi Durban. Mikoba niliyonunua bado iko njiani, sina cha kuuza, kwa hiyo nashinda chumbani naangalia dari. Watu wananiuliza China kukoje. Nawaambia kuzuri.

Ukweli ni kwamba sikwenda kwa ajili ya mikoba tu. Mdogo wangu Rashidi alikwenda Guangzhou miaka minne iliyopita kutafuta mzigo, na baada ya miezi mitatu simu yake ikawa haipatikani. Hapa alimwacha mkewe, wifi yangu Chantal, Mkongo mwenye saluni mjini. Chantal ndiye aliyenisindikiza uwanja wa ndege. Alinishika mkono, akasema, "Wifi, kama alikufa, uniambie. Kama iko na mwanamke mwingine, uniambie. Mimi nataka tu kujua."

Kuna mwanamume wa kanisani kwao anayetaka kumwoa. Chantal alikuwa amemwambia asubiri jibu langu.

Basi nikatembea Guangzhou. Siku nne, kutoka asubuhi mpaka miguu inavimba, picha ya Rashidi ikiwa kwenye simu.

Asubuhi wazee hukusanyika chini ya daraja la magari, wakaweka redio, wakacheza kwa mistari, wameshika vipepeo vya kujipepea, hakuna anayecheka. Nguo zimeanikwa kwenye fito juu ya vichwa vya wapita njia. Unatembea huku matone yakikudondokea shingoni. Pikipiki za umeme zinakuja bila mlio, mara mbili zilitaka kunigonga. Fundi cherehani amelala kwenye kiti nje ya duka lake, mdomo wazi, mkasi mapajani. Hapa Durban ningemwamsha nimwambie aingie ndani. Kule nilisimama tu, nikamwangalia anavyopumua.

Kuna siku nilisahau kabisa kwamba namtafuta mtu. Nilinunua kiazi kitamu cha kuchoma, nikakaa ukingoni mwa barabara kutazama wanaume wawili wanagombana juu ya karata. Nilipokumbuka kilichonileta, sikufurahi kukumbuka.

Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Siku ya nne, kwenye kichochoro cha maduka ya vitambaa, mwanamume alikuwa anapakia majora kwenye guta la magurudumu matatu. Nilimjua kwa mgongo kabla hajageuka.

"Dada Zuhura," alisema, kama vile tuliachana jana.

Hakulia. Na mimi sikulia. Alinipeleka kwenye kibanda cha chakula chenye meza nje. Mwanamke wa Kichina akaleta mabakuli mawili ya tambi zenye supu, akamwekea Rashidi mkono begani, akamuuliza kitu. Rashidi akamjibu. Yule mwanamke akanitabasamia, akarudi jikoni.

"Umemwambia mimi ni nani?"

"Mteja."

Nikala. Supu ilikuwa tamu, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema mzigo wake wa kwanza uliharibika, akaona aibu kupiga simu. "Nikasema nitapiga wiki ijayo. Wiki zikawa nyingi, dada. Nikashindwa nianzie wapi." Akachezea kijiti cha kulia. Kisha akasema, "Mwambie Chantal hukuniona."

Nikamwambia sawa.

Sijui kwa nini nilisema sawa. Labda kwa sababu ni mdogo wangu. Labda nilikuwa nimechoka tu.

Niliporudi, Chantal alikuja kunipokea. Nikamwambia sikumwona. Akatikisa kichwa, akabeba begi langu.

Leo asubuhi kanipigia. Amemkatalia yule mwanamume wa kanisani. "Labda Rashidi iko mgonjwa fasi fulani, hana wa kumsaidia," alisema. "Nitangoja."

Nilikata simu, nikavaa viatu, nikapanda taxi mpaka mjini.

Nilimkuta anamsuka mama mmoja wa Kizulu asiyejua Kiswahili. Sikungoja amalize, maana nilijua nikikaa chini sitasema. Nilisema nikiwa nimesimama. Nilimwona. Yuko hai. Ana mwanamke. Aliniomba nikudanganye, nikakubali.

Vidole vyake havikusimama. Alimaliza msuko ule, akaanza mwingine. Mteja alikuwa anaangalia simu yake.

"Amekonda?" aliuliza.

"Amenenepa kidogo."

"Aksanti."

Akaniomba nimpe kitana. Nikampa. Nilikaa pale karibu saa nzima na hakuniuliza kitu kingine. Mteja alipoondoka, Chantal alifagia nywele polepole, pembe zote nne, hata pale palipokuwa safi. Kisha akasema bila kunitazama, "Zuhura, enda upumzike."

Miaka yote hii hajawahi kuniita kwa jina.

Sasa nimekaa kitandani, nasubiri machozi kama mtu anayesubiri maji ya bomba yarudi. Hayaji.

Kesho nitakwenda tena saluni. Hata asiponisemesha, nitafagia.