Migomba Sita Katikati ya Vitunguu

Jumamosi, Muleba. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na mimi nina hasira tangu jana.

Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi nyumbani. Baba alikwisha kufariki, na mrithi wa kibanja, shamba la ukoo la migomba na kahawa, ni mdogo wangu Deo. Hakunifukuza. Alinionyesha kipande cha ardhi nyuma ya jiko, akasema hapo panatosha kwa mboga. Nikamshukuru mpaka nikajionea aibu.

Vitunguu nilivichagua kwa makusudi. Huku kwetu mwanamke akipanda maharage au karanga, hakuna anayeuliza. Akipanda mgomba au mbuni wa kahawa, ukoo unakaa kikao, kwa sababu mgomba unaonyesha ardhi ni ya nani. Kitunguu kinakaa miezi michache tu kisha kinang'olewa. Nilitaka kuishi kwa amani.

Nilivihangaikia. Nilihamisha mche mmoja mmoja kutoka kitaluni, nikaweka samadi ya mbuzi, nikapalilia kwa vidole ili jembe lisikate mizizi. Vilikuwa vimeanza kutunga vichwa.

Halafu nikafanya ujinga.

Wiki iliyopita niliweka picha hapa kwenye blogu, nikaandika chini yake: "Shamba langu." Maneno mawili. Mlioipenda na kuisambaza, asanteni. Imefika mpaka kwa baba zangu wadogo.

Juzi nilikwenda Nshambya kumwona binti yangu, nikalala huko. Jana narudi, nakuta migomba sita michanga imesimama katikati ya matuta yangu. Mashimo yamechimbwa humo humo, vitunguu vimetupwa pembeni, mizizi juu. Deo alikuwa uani ananawa udongo miguuni.

"Dada, usinielewe vibaya," alisema. "Wazee wameuliza ni shamba la nani. Ningewajibu nini?"

 Ningefungua mdomo ningemtukana, na ninalala kwenye nyumba yake.

Nilitaka kuing'oa yote sita. Mama akanishika mkono. "Mwana wange, iache. Ukiing'oa, hutakaa hapa tena."

Basi leo nimepalilia vitunguu vilivyobaki, mvua ikininyeshea. Na samadi yangu inailisha migomba ya Deo. Nimechukia, naandika wazi kwamba nimechukia.

Mchana tukimenya ndizi nilimuuliza Mama, katika kibanja hiki chote, mgomba wake ni upi. Amekilima tangu alipoletwa hapa bibi harusi. Akatazama nje mlangoni.

"Mimi?" akasema. "Mimi napalilia tu."

Akaendelea kumenya.

Nina miaka arobaini na saba. Vitunguu hivi nikishavivuna, nitatafuta ardhi ya kununua, hata Buhembe, hata iwe na upana wa kitanda. Na cha kwanza kupanda humo hakitakuwa kitunguu.